Einstein, mtoro wa shule: Gemu moja ilivyoninyima kisingizio

Kwa miaka miwili nimekuwa nikimtumia Albert Einstein kama wakili wangu. Kila mama akiniuliza nitarudi chuo lini, jibu lilikuwa tayari mdomoni: hata Einstein aliacha shule, na ona alikofika. Mama hajui kubishana na Einstein. Anatikisa kichwa, anarudi kwa sufuria zake, mimi narudi kwa laptopu. Kesi imeisha.

Kisha mwezi jana beshte yangu anayefanya kazi kwa saiba ya hapa mtaani akaniwekea gemu fulani kwenye flashi. Inaitwa A Slower Speed of Light. Ilitengenezwa na maabara ya gemu ya chuo cha MIT kule Marekani, ikatolewa mwaka wa 2012, na ni ya bure. Haina bunduki, haina mpira, haina magari ya kukimbizana. Unatembea tu kwenye kijiji fulani ukiokota matufe yanayong'aa, jumla 100. Kila tufe unaloliokota linapunguza kasi ya mwanga.

Nikajiambia hii ni ya watoto. Nikaokota kumi, ishirini, hamsini. Hapo ndipo mambo yakaanza kuwa noma. Nikipiga hatua mbele, nyumba zilizo mbele yangu zinaonekana kurudi nyuma badala ya kukaribia. Rangi zinabadilika: vitu vya mbele vinaelekea ubuluu, vya nyuma vinakuwa vyekundu, na mbele kunang'aa kama mtu amewasha taa za gari usoni. Kuta zilizonyooka zinapinda kama chapati kwenye kikaango. Mara ya kwanza nilidhani laptopu imekufa. Haikuwa imekufa. Ndivyo ulimwengu ungeonekana kama mwanga ungekuwa unatembea kwa miguu kama sisi.

Nilipomaliza matufe yote 100 sikulala. Nilianza kumsoma huyu mzee mwenyewe, wakili wangu, kuanzia alipozaliwa hadi alipokufa. Na ndugu yangu, nilichokipata hakikunisaidia hata kidogo kwa ile kesi yangu na mama.

Sitakuwekea maneno yake hapa. Nusu ya semi unazoona mitandaoni zikiwa na picha yake hakuzisema. Nitakusimulia tu alivyoishi.

MTOTO WA MFANYABIASHARA ALIYEFILISIKA

Einstein alizaliwa Machi 14, 1879, katika mji wa Ulm, Ujerumani. Mwaka uliofuata familia ilihamia Munich. Baba yake, Hermann, alikuwa na kampuni ya umeme pamoja na mdogo wake, Jakob, mhandisi. Umeme ulikuwa biashara moto wakati huo, kama vile leo kila mtu anavyotaka kuanzisha programu ya simu. Nyumbani kulikuwa na mazungumzo ya jenereta na nyaya tangu dogo akiwa mdogo kabisa. Mama yake, Pauline, alipenda muziki, akamlazimisha kujifunza fidla. Mwanzoni aliichukia. Baadaye aliipenda hadi akawa anaibeba kila alikosafiri.

Akiwa na umri wa miaka minne au mitano hivi, alikuwa mgonjwa kitandani na baba yake akamletea dira. Ile sindano iliendelea kuelekea kaskazini hata aigeuze vipi, na hakuna kitu kilichoonekana kikiisukuma. Mtoto akashangaa. Wengi wetu tungeshangaa dakika mbili kisha tukaivunja tuone ndani kuna nini. Yeye alikaa na swali hilo maisha yake yote: ni nini kinachosukuma vitu pale ambapo hatuoni chochote?

Ile hadithi kwamba alifeli hesabu ni uongo. Watu walimwonyesha habari hiyo gazetini mwaka wa 1935 akiwa bado hai, na akaikana. Kabla hajafika miaka 15 alikuwa tayari ameshajifunza kalkulasi, hesabu ambayo sisi tulikutana nayo kidato cha nne tukiwa tumekata tamaa. Kulikuwa na kijana mmoja maskini aliyesomea udaktari, Max Talmud, ambaye alikuwa akila kwao mara moja kwa wiki, na alimletea vitabu vya sayansi na jometri. Muda si mrefu mwanafunzi akamwacha mwalimu nyuma.

Kilichomshinda ni shule yenyewe. Shule ya Munich ilikuwa ya amri na kukariri, karibu na jeshi. Naye alikuwa na kiburi kilichowakera walimu.

Mwaka wa 1894 kampuni ya baba yake ilianguka. Ilikuwa imekosa kandarasi kubwa ya taa za jiji, na mbele ya kampuni kubwa za umeme haikuweza kusimama. Familia ikauza nyumba, ikahamia Italia kujaribu tena. Albert aliachwa Munich peke yake kwa watu wa ukoo amalize masomo. Alikuwa na miaka 15.

Alivumilia miezi michache. Mwishoni mwa mwaka huo alipata barua ya daktari iliyosema ana shida ya mishipa ya fahamu, akaaga shule, akapanda treni kwenda kwa wazazi wake. Hapo ndipo mimi huwa nasimamisha hadithi nikimsimulia mama. Aliacha shule, kwisha.

Tatizo ni kwamba haikuisha.

ALIRUDI DARASANI

Einstein alipofika Italia aliwaahidi wazazi wake kwamba atajisomea mwenyewe kujitayarisha kwa chuo cha ufundi cha Zurich, Uswisi. Na alijisomea kweli. Mwaka wa 1895, akiwa na miaka 16, miaka miwili chini ya umri wa kawaida wa watahiniwa, alifanya mtihani wa kuingia. Hesabu na fizikia alifanya vizuri sana. Lakini ile sehemu ya jumla ilimwangusha. Hakuingia.

Wazee wa chuo walimshauri arudi shule ya sekondari akamalize. Hebu fikiria. Umetoroka shule, umejitangazia uhuru, umepanda treni kwa madaha, kisha unaambiwa rudi ukakae na watoto darasani. Mimi ningekataa. Kusema kweli, mimi nilikataa.

Yeye alienda. Alikaa mwaka mmoja katika mji wa Aarau, akiishi nyumbani kwa mwalimu mmoja wa shule hiyo, Jost Winteler, ambaye familia yake ilimpokea kama mwana. Shule hii haikuwa kama ile ya Munich. Wanafunzi waliruhusiwa kufikiri kwa picha, kuuliza na kubisha. Alimaliza mwaka wa 1896 na alama za juu kabisa za hesabu. Huko Uswisi 6 ndiyo alama bora na 1 ndiyo mbovu, na inasemekana waliogeuza mpangilio huo ndio walioeneza uvumi kwamba alifeli.

Kwa hivyo wakili wangu alikuwa mtoro wa shule kwa mwaka mmoja tu, na mwaka huo aliutumia kusoma. Nilihesabu miaka yangu mitatu tangu niache chuo. Nikafunga laptopu kidogo.

KUUFUKUZA MWANGA

Ni huko Aarau, akiwa na miaka 16, ndipo swali lililozaa gemu yetu lilipomjia. Je, nikikimbia kwa kasi ileile ya mwanga, sambamba na mwale wa mwanga, nitaona nini?

Ukiendesha boda sambamba na matatu kwa kasi ileile, hiyo matatu inaonekana imesimama kando yako. Basi mwanga nao ungepaswa kuonekana umeganda, wimbi lililosimama kama picha. Lakini kanuni za umeme na sumaku, zilizoandikwa na Mskoti James Clerk Maxwell, haziruhusu wimbi la mwanga lililosimama. Kuna kitu hakikai sawa. Kijana alibaki na swali hilo kwa karibu miaka kumi.

Kumbuka hakuwa na maabara wala kompyuta. Alicheza gemu hiyo kichwani.

Mwaka wa 1896 aliingia chuo cha Zurich. Alikuwa mwanafunzi msumbufu. Alikwepa vipindi asivyovipenda na kutegemea madaftari ya rafiki yake Marcel Grossmann, ambaye aliandika kila kitu kwa unadhifu. Kila mtu amewahi kuwa na Grossmann wake. Alifuzu mwaka wa 1900, lakini maprofesa hawakumpenda na hakuna aliyempa kazi ya usaidizi chuoni, wakati wenzake waliipata. Akatuma barua huku na kule Ulaya. Kimya.

Ikawa ni hasla. Alifundisha kwa muda hapa na pale. Mwanzoni mwa 1902 alihamia Bern na kuweka tangazo gazetini la kufundisha hesabu na fizikia, somo la kwanza bure. Mmoja wa waliojitokeza, Maurice Solovine, aliishia kuwa rafiki yake badala ya mteja. Wao wawili pamoja na Conrad Habicht walikuwa wakikutana jioni, wanakula soseji na jibini, wanasoma vitabu vya falsafa na kubishana hadi usiku. Walijiita akademia kwa utani. Hawakuwa na doo, lakini walikuwa na maneno.

Mwaka huohuo baba yake Grossmann alisaidia kumtafutia kazi katika ofisi ya serikali ya hataza mjini Bern, ile inayokagua uvumbuzi wa watu kabla ya kuusajili. Cheo chake kilikuwa mtaalamu wa daraja la tatu, yaani la chini kabisa. Hermann alifariki Oktoba mwaka huo, biashara zake zikiwa zimeanguka moja baada ya nyingine. Hakuishi kumwona mwanawe akiwa zaidi ya karani.

MWAKA WA 1905

Kazi yake ilikuwa siku sita kwa wiki, saa nane kwa siku. Aliimaliza haraka, kisha akawa anafanya hesabu zake kisirisiri, makaratasi yakiingia kwenye droo mkubwa akipita. Nyumbani, katika nyumba ya kupanga barabara ya Kramgasse, karibu na mnara maarufu wa saa wa Bern, kulikuwa na mke na mtoto mchanga. Kwenye meza ya kazini zilipita hataza za kila aina za wakati huo, zikiwemo njia za kuzifanya saa za vituo mbalimbali vya reli zilingane kwa kutumia umeme. Saa, treni, ishara. Vyote hivyo utavikuta katika kazi yake.

Mwezi Mei 1905 alikuwa na mazungumzo marefu na rafiki yake Michele Besso, aliyefanya kazi naye ofisini. Alikuwa amekwama kabisa. Usiku huo fundo likafunguka, na wiki chache baadaye makala ilikuwa tayari. Hii ndiyo nadharia maalumu ya uhusianifu.

Wacha nijaribu kuieleza kwa lugha ya mtaani.

Jambo la kwanza: sheria za fizikia ni zilezile kwa kila anayesafiri kwa mwendo usiobadilika. Ukiwa ndani ya matatu inayokwenda sawasawa bila kuyumba, ukiangusha shilingi inaanguka miguuni pako, si kwa abiria wa nyuma. Jambo la pili: kasi ya mwanga, karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, ni ileile kwa kila anayeipima, awe amesimama au anakimbia.

Hilo la pili ndilo lenye balaa. Sasa fikiria uko ndani ya matatu Thika Road na unarusha mpira juu hadi darini, unarudi mkononi. Kwako wewe mpira umepanda na kushuka wima. Mimi niliyesimama stejini naona tofauti: wakati mpira unapanda matatu imesonga, kwa hivyo mpira umepita njia ya mshazari, ambayo ni ndefu zaidi. Kwa mpira hakuna shida, kwa sababu kwangu mpira una kasi kubwa zaidi. Umeongezewa ile ya matatu.

Badala ya mpira, weka mwanga unaodunda kati ya vioo viwili, mmoja sakafuni na mwingine darini. Kwangu mimi njia bado ni ndefu zaidi. Lakini mwanga hauongezewi kasi na matatu. Njia ndefu, kasi ileile. Basi lazima utumie muda mrefu zaidi. Yaani mdundo mmoja wa mwanga ndani ya matatu unachukua muda mrefu zaidi kwa saa yangu kuliko kwa saa yako. Saa yako, kwa macho yangu, inachelewa. Haijaharibika. Muda wenyewe ndio unaonyumbulika.

Mbona hatulioni jambo hili? Kwa sababu tunakwenda polepole mno. Ukipanda treni ya SGR kutoka Nairobi hadi Mombasa, saa yako kwa sababu ya mwendo inachelewa kwa chini ya sekunde moja iliyogawanywa mara bilioni. Ili saa yako iende kwa nusu ya mwendo wa yangu, unahitaji kukimbia kwa takriban asilimia 87 ya kasi ya mwanga. Hakuna dereva wa matatu aliyefika hapo, ingawa wapo wanaojaribu.

Ndiyo maana gemu inafaa. Badala ya kukuongezea kasi wewe, inapunguza ya mwanga hadi ikaribie mwendo wa miguu. Wazo hilo ni la zamani: mwanafizikia George Gamow, mzaliwa wa Odessa aliyehamia Marekani, alilitumia katika kitabu chake cha mwaka wa 1940 kuhusu karani wa benki, Bwana Tompkins, anayeota yuko katika mji ambao mwanga una kasi ya baiskeli. Katika ndoto hiyo wapanda baiskeli wanaonekana wamebanwa na kuwa wembamba. Lakini mwaka wa 1959 mwanafizikia James Terrell na mwanahisabati Roger Penrose, kila mmoja kivyake, walionyesha kwamba macho yasingeona hivyo hasa. Mwanga kutoka sehemu za mbali za kitu unachelewa kufika kuliko wa sehemu za karibu, kwa hivyo unachokiona ni kama kitu kimegeuzwa au kupindwa. Gemu inayapigia hesabu hayo yote. Zile kuta zilizopinda kama chapati ni Terrell na Penrose hao. Pia inapima muda wako na muda wa ulimwengu wa kijiji kile, na muda huo haulingani. Umezunguka na kurudi ulipoanzia, lakini wanakijiji wamezeeka kukushinda.

Na usidhani ni mchezo tu. Setilaiti za GPS zinakwenda kasi, na kwa sababu hiyo saa zake huchelewa takriban mikrosekunde 7 kwa siku. Kwa kuwa ziko juu ambako uvutano wa dunia ni hafifu, huwahi kwa takriban mikrosekunde 45. Ukijumlisha, zinawahi mikrosekunde 38 kila siku. Bila kurekebisha hilo, ramani ingepotea kwa kilomita kama kumi kwa siku moja. Boda uliyemwagiza akupate Umoja angekutafutia Ruaka.

Mwaka huohuo wa 1905 aliandika pia makala iliyoeleza kwamba mwanga huja kwa vipande vidogo vya nishati, nyingine iliyosaidia kuthibitisha kuwepo kwa atomu, na nyingine fupi iliyounganisha uzito na nishati. Alikuwa na miaka 26.

YULE MWINGINE ALIYEACHA CHUO

Sasa nikuambie kuhusu mtu ambaye hakuna anayemweka kwenye picha za motisha.

Katika darasa la Zurich kulikuwa na mwanamke mmoja tu wa fizikia kwenye kundi lao: Mileva Marić, Mserbia, aliyepigana hadi kufika pale wakati vyuo vingi vya Ulaya vilikuwa vimefungia wanawake mlango. Yeye na Albert walipendana. Alifanya mtihani wa mwisho mwaka wa 1900 akaanguka. Akarudia mwaka wa 1901 akiwa mjamzito, akaanguka tena. Alirudi kwa wazazi wake, akajifungua msichana mwanzoni mwa 1902 kabla ya ndoa. Dunia haikujua kuhusu mtoto huyo hadi barua zao zilipojulikana miaka ya 1980. Hakuna ajuaye kwa hakika aliishia wapi.

Walioana Januari 1903 na kupata wavulana wawili, Hans Albert na Eduard. Watu bado wanabishana Mileva alichangia kiasi gani katika kazi za mumewe. Ushahidi wa kwamba aliziandika yeye haupo. Lakini hili halina ubishi: wawili waliingia darasani na ndoto moja, na mmoja akabaki jikoni.

Mwaka wa 1914, walipohamia Berlin na ndoa imeoza, Einstein alimwandikia orodha ya masharti. Amletee chakula chumbani mara tatu kwa siku. Aache kuzungumza akiambiwa aache. Mileva alikubali kwanza, kisha akachukua watoto akarudi Zurich. Walitalikiana Februari 1919, na miezi michache baadaye Einstein akamwoa binamu yake, Elsa. Mkataba wa talaka ulisema kwamba akishinda Tuzo ya Nobel, pesa zitakwenda kwa Mileva na watoto. Alishinda, na pesa zikaenda huko. Eduard, mdogo, aliugua akili akiwa kijana na maisha yake mengi yakaishia hospitalini Zurich. Baba yake alipohamia Marekani hawakuonana tena.

Nilikuwa namtafuta mtu aliyeacha chuo nimwonyeshe mama. Nilimpata, lakini ni Mileva.

UMAARUFU NA UHAMISHO

Kati ya 1909 na 1914 Einstein alipanda ngazi haraka: Zurich, Prague, Zurich tena, kisha Berlin. Mwezi Novemba 1915 alikamilisha nadharia ya jumla, inayosema kwamba uvutano si kamba ya kuvuta vitu bali ni mpindo wa anga na muda wenyewe. Kwa hesabu ngumu za kazi hiyo alisaidiwa na yuleyule Grossmann wa madaftari.

Ushahidi ulipatikana Mei 29, 1919, jua lilipopatwa. Kundi moja la Waingereza lilienda Sobral, Brazil. Jingine, likiongozwa na Arthur Eddington, lilikuja Afrika, kisiwa cha Príncipe katika Ghuba ya Guinea. Walipiga picha za nyota karibu na jua na kukuta mwanga wake umepinda. Matokeo yalipotangazwa London mwezi Novemba, Einstein akaamka akiwa staa wa dunia nzima. Tuzo ya Nobel ya 1921 aliipokea mwaka wa 1922, tena si kwa uhusianifu bali kwa ile kazi ya vipande vya mwanga.

Einstein alikuwa Myahudi. Hitler alipotwaa mamlaka mwaka wa 1933, yeye alikuwa Marekani, na hakukanyaga Ujerumani tena. Alifanya makao Princeton. Agosti 1939 alitia saini barua kwa Rais Roosevelt kuonya kwamba Ujerumani huenda ikatengeneza bomu la atomu. Yeye mwenyewe hakuruhusiwa kushiriki kulitengeneza, kwa sababu wakubwa wa usalama hawakumwamini. Baada ya Hiroshima na Nagasaki aliijutia saini hiyo hadi kufa.

Hakuwa malaika. Shajara zake za safari ya mashariki mwaka wa 1922 zina maneno ya dharau kuhusu Wachina, ambayo yakisomwa leo yanaumiza. Lakini Marekani aliona jinsi Weusi wanavyotendewa, akasema wazi. Mwaka wa 1946, wakati alikuwa akikataa mialiko mingi ya vyuo vikubwa, alikwenda Lincoln huko Pennsylvania, chuo cha Weusi alichosomea Kwame Nkrumah, akafundisha wanafunzi na kukemea ubaguzi wa rangi. Magazeti makubwa hayakuona kama ni habari.

Alikufa Aprili 18, 1955, akiwa na miaka 76, mshipa mkubwa wa tumboni ukiwa umepasuka. Alikataa upasuaji. Besso, rafiki wa ile jioni ya 1905, alikuwa ametangulia mwezi mmoja kabla. Daktari aliyechunguza mwili aliutoa ubongo na kuuhifadhi bila ruhusa iliyotolewa mapema. Mwili ulichomwa na majivu yakatawanywa mahali ambapo hapakutangazwa.

KESI YANGU

Wiki iliyopita mama aliniuliza tena. Nitarudi lini?

Nilikuwa na Einstein mdomoni, nikammeza. Nikamwambia ukweli: yule mzungu alirudi shule. Walimwambia hatoshi, akarudi kukaa na watoto darasani, akamaliza. Mama alinitazama kwa muda. Hakushangilia wala hakunihubiria. Aliuliza tu kama nimekula.

Sijarudi bado. Karo iliyonitoa chuoni bado ni ileile, na kublogu hakulipi kama watu wanavyodhani. Ila nimeomba orodha ya masomo niliyobakisha. Ni saba. Nimeibandika ukutani juu ya laptopu.

Kama una kompyuta, itafute hiyo gemu uicheze. Okota matufe yote 100. Ukifika mwisho utaona kwamba muda uliopita kwako na uliopita kwa waliobaki kijijini si mmoja. Mimi nilipoona hivyo nilimfikiria mama, aliyesimama palepale kibandani kwake miaka hii yote akiningoja, huku mimi nikiapa kwamba bado ni mapema.